Mshahara umekatwa, mchango umekwenda wapi?

Wiki hii barua za mapenzi naziweka pembeni kidogo. Yule dada wa Tandika mwenye mchumba anayezima simu kila Ijumaa jioni anisubiri, zamu yake inakuja. Leo nataka tuchonge kuhusu kitu ambacho ukimtajia kijana anapiga mwayo mpaka machozi yanamtoka: kustaafu.

Najua, najua. Una miaka ishirini na nne, juzi umejirusha mpaka alfajiri, na kustaafu kwako ni habari za wazee wenye suti za kaunda na redio ya mkulima. Lakini usifunue ukurasa kwanza. Hela ya uzeeni haipotei ukiwa mzee. Inapotea sasa hivi, ukiwa bado una meno yote thelathini na mbili, halafu unakuja kuambiwa baada ya miaka thelathini.

Kijiweni kwetu juzi niliwauliza washkaji saba, wote wana ajira. Yupo mlinzi, yupo wa kaunta ya hoteli, yupo dada wa supamaketi, wawili ni walimu wapya. Swali langu lilikuwa jepesi tu: nani amewahi kuangalia kama michango yake inafika kwenye mfuko? Mmoja alinyoosha mkono. Wengine wakacheka. Mlinzi akasema yeye karatasi ya mshahara anaisoma mstari mmoja tu, ule wa chini kabisa, unaosema anakwenda nyumbani na shilingi ngapi. Ya katikati ni mambo ya wahasibu.

Sasa hapo katikati ndipo penye kasheshe. Ukiwa sekta binafsi, mchango wako NSSF ni asilimia 20 ya mshahara. Kwa kawaida wewe unakatwa 10 na bosi anaongeza 10. Ukiwa mtumishi wa umma, mfuko wako ni PSSSF, wewe unakatwa 5 na mwajiri anaweka 15. Lakini pesa hiyo haiondoki mkononi mwako kwenda moja kwa moja kwenye mfuko. Inapitia kwa mwajiri. Yeye ndiye anayekata, yeye ndiye anayetakiwa kuipeleka pamoja na orodha ya majina na namba za wanachama. Kwa hiyo karatasi ya mshahara inakuthibitishia kitu kimoja tu, kwamba umekatwa. Kwamba mchango umefika, hiyo ni habari nyingine, tena inaandikwa na watu wengine katika jengo lingine.

Ngoja niwape kisa cha mama mkubwa wangu, mkubwa wa mama yangu kabisa, tumbo moja. Alikuwa karani wa masjala. Kwa wasiojua, masjala ndiko yanakolala mafaili ya ofisi. Alianza kazi mwaka 1990 katika halmashauri moja, mwaka 2003 akahamishiwa halmashauri ya pili huko kusini, baadaye akaja ya tatu, ndipo alipotimiza miaka 60 mwezi Machi 2025. Miaka 35 anatunza mafaili ya watu. Ukimwuliza barua ya likizo ya fulani ya mwaka 1997 anakwambia rafu ya ngapi, jalada la rangi gani. Alitoa taarifa ya kustaafu miezi sita kabla kama utaratibu unavyotaka, akashona gauni la kuagia, wenzake wakamchangia jokofu. Mipango yake ilikuwa midogo tu: kuezeka vyumba viwili vya uani apangishe, na kumalizia ada ya binamu yangu aliyeko chuo.

Mwezi wa kwanza kimya. Wa pili kimya. Wa tatu akaitwa, akadhani ndiyo mambo yameiva. Akaonyeshwa taarifa ya michango yake: kuanzia Septemba 2003 hadi Machi 2005 hakuna kitu. Miezi 19, nyeupe pe! Ni kama vile hakuwahi kwenda kazini, wakati huko kusini alihama na watoto wawili na godoro juu ya lori.

Yule kijana wa dirishani alikuwa na heshima zake. “Mama, kwetu mwajiri hajaleta. Kamwone mwajiri.” Mwajiri wa sasa akasema hiyo miezi si ya kwao, ni ya halmashauri ya kusini. Ya kusini ikapigiwa simu, ikasema iandikiwe barua. Ikaandikiwa. Ikasema barua haijaonekana. Hapo ndipo mama mkubwa alipoanza kupigwa kalenda: njoo Jumatatu, njoo mwisho wa mwezi, mhusika yuko semina. Na pensheni nayo haitoki, kwa sababu jalada haliwezi kufungwa likiwa na tundu.

Wapo watakaosema, miezi 19 katika miaka 35 ni kitu gani, si aisamehe tu achukue zilizobaki? Na wapo maofisini wanaowashauri wazee hivyo hivyo. Basi twende kwenye hesabu, msinikimbie, ni ya darasa la saba.

Kanuni inayotumika tangu Julai 2022 inachukua mshahara wako wa mwaka, wastani wa miaka mitatu iliyokuwa mizuri kuliko yote, inazidisha kwa idadi ya miezi uliyochangia, halafu inagawa kwa 580. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Sehemu yake inageuzwa kuwa mkupuo kwa kuzidisha mara 12.5, iliyobaki inalipwa mwezi kwa mwezi mpaka Mungu atakapokuchukua. Mkupuo ulikuwa asilimia 33, lakini kuanzia Julai 2024 kundi lile lililokuwa likipata asilimia 50 zamani lilipandishwa mpaka 40.

Chukua mtu wa kundi hilo mwenye mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi, yaani milioni 12 kwa mwaka. Mpokonye miezi 19. Pensheni yake ya mwaka inapungua shilingi 393,103. Kwenye mkupuo anakosa shilingi 1,965,517, na kila mwezi anakosa shilingi 19,655. Karibu milioni 2 mkononi, na karibu elfu 20 kila mwezi maisha yake yote. Akiishi miaka 15 tu baada ya kustaafu, hizo za mwezi peke yake zinapita milioni tatu na nusu. Haya, nani anataka kusamehe? Mabati ya vyumba viwili yamo humo humo.

Tena mama mkubwa ana bahati kwa sababu miaka yake ni mingi. Pensheni ya uzeeni inataka uwe na michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15. Mtu aliyeingia kazini akiwa na miaka 44 au 45, akipokonywa miezi kumi tu, anaweza kujikuta hana pensheni ya mwezi kabisa, anapewa malipo ya mara moja anaambiwa asante kwa utumishi wako.

Basi bwana, mama mkubwa akafungua sanduku lake la bati. Humo chini ya kanga za harusi mlikuwa na bahasha za kaki, kila mwaka na yake, zimefungwa kwa uzi. Mimi nilikuwa najua zile ni barua za marehemu mumewe. Kumbe ni salari slipu! Ya 1994 ipo, ya 1999 ipo, wino umepauka lakini ukiinamisha kwenye mwanga unasoma. Katika ile miezi 19 tulikuta slipu 11, na kila moja imeandikwa makato ya mfuko. Barua ya uhamisho ipo, ya kuripoti kituoni ipo na muhuri wake.

Tukapiga nakala, tukapanda basi la kusini. Nilikwenda kama mbeba begi.

Kule masjala tulikuta kijana wa umri wangu, akasimama, akaamkia vizuri. Mama mkubwa akaitika marahaba, akaketi, akauliza vitabu vya mishahara vya 2003 mpaka 2005 viko wapi. Kijana akasema, “Mama yangu, vile vya zamani nasikia vililiwa na mchwa.”

“Nasikia, au umeviona vimeliwa?”

Kijana akacheka kwa aibu. Mama mkubwa akamwambia vitabu vya mishahara havikai masjala, baba, vinakaa stoo ya uhasibu, na kama jengo lile bado linavuja, watakuwa wamevihamishia chumba cha nyuma kilichokuwa cha jenereta. Tukaenda. Vilikuwa chumba cha jenereta, vimefunikwa turubai, juu yake kuna matairi ya pikipiki. Mchwa walikula pembe tu.

Sikilizeni sasa kilichokutwa humo. Halmashauri ilikuwa inakata na kupeleka, isipokuwa kwenye orodha yao namba ya uanachama ya mama mkubwa ilikuwa imekosewa tarakimu moja. Mahali pa 1 karani aliandika 7. Nadhani mwandiko wa barua ya uhamisho ulikuwa na ile moja yenye mkia. Kwa hiyo miezi 15 hela yake ilifika vizuri kabisa, ikakaa kwenye namba ambayo haina mwenyewe, miaka zaidi ya ishirini, inamsubiri mtu asiyekuwapo. Ile minne iliyobaki ndiyo ilikatwa na haikupelekwa kokote. Kwenye daftari kumeandikwa neno moja pembeni, kwa penseli: “baadaye”.

Sikutaka kuwauliza baadaye ipi.

Ile 15 ilirudishwa kwenye jina lake baada ya barua mbili na nakala zilizogongwa muhuri. Minne halmashauri imeikubali kwa maandishi kuwa ni deni lake, na sheria inasema mwajiri aliyechelewesha mchango anaulipa pamoja na adhabu yake juu, mfanyakazi hatakiwi kuguswa tena. Mama mkubwa alipata mkupuo wake mwezi wa nane tangu aage kazini, ukiwa umepungua ile minne, na anaidai bado. Kila mwanzo wa mwezi anaandika barua ya kukumbushia, anabaki na nakala, anaitoboa, anaifunga. Binamu yangu alipoteza muhula mmoja chuoni kwa sababu ya ada. Huo hakuna mfuko unaourudisha.

Katikati ya hayo yote akapigiwa simu na mtu mwenye sauti nzito ya kiofisi. Shikamoo mama, jalada lako liko mezani kwangu, tatizo ni ile miezi 19, nitumie laki tatu nilifungue leo leo. Jamani, miezi 19 aliijuaje? Matapeli hawa wanawawinda sana wastaafu, na PSSSF yenyewe imeshatangaza mara nyingi kwamba huduma zake hazilipiwi. Wazee wangapi wameingizwa mjini kwa simu ya namna hii wakapoteza mpaka mkupuo wote? Mama mkubwa alimjibu kwa upole, “Jalada halifunguliwi kwa hela baba, linafunguliwa kwa kufungua kamba,” akakata. Alipojaribu kupiga tena nikapokea mimi, na niliyomwambia mhariri hawezi kuyachapa.

Mtauliza kwa nini mambo haya yanawapata hasa wazee wetu wa utumishi wa umma. Sababu moja ni kuhama, nyingine ni mifuko yenyewe kubadilika. Kabla ya Julai 1999 watumishi wa Serikali Kuu wenye masharti ya pensheni walikuwa hawachangii chochote, walilipwa moja kwa moja kutoka Serikalini. Ndipo ikaja PSPF na michango. Pembeni kulikuwa na LAPF ya watu wa halmashauri, PPF ya mashirika ya umma, na GEPF. Kila mmoja na vitabu vyake, namba zake, fomu zake. Tarehe 1 Agosti 2018 yote minne ikaunganishwa kuwa PSSSF. Fikiria mafaili ya mifuko minne, mengine yaliandikwa kwa taipureta, yanamwagwa ndani ya kompyuta moja. Mtu aliyekuwa Hadija kwenye mfuko mmoja na Khadija kwenye mwingine anatokea kuwa watu wawili, kila mmoja na nusu maisha ya kazi.

Na wala msidhani ni makarani peke yao wanaosahau. PSPF ilipoanza ilibebeshwa malipo ya watu waliofanya kazi miaka mingi kabla ya 1999 bila mchango wowote, na deni hilo la Serikali kwa mfuko lilikaa na kukaa, mpaka mwaka 2021 ilipotolewa hati fungani maalumu ya zaidi ya shilingi trilioni 2 kulipunguza. Ikiwa Serikali yenyewe inachukua miaka zaidi ya ishirini kuziba pengo lake, wewe na slipu yako moja uliyofungia karanga utafika wapi?

Nirudi kwenu sasa, watoto wa mjini. Msijidanganye kwamba ninyi mna kompyuta kwa hiyo hakuna kinachopotea. Dada yule wa supamaketi, baada ya mazungumzo yetu ya kijiweni, alifungua taarifa yake ya NSSF kwa simu pale pale. Amekatwa miezi 22. Iliyofika ni 9. Alinyamaza, akaagiza kahawa nyingine, halafu akaanza kuhesabu kwa vidole. Makampuni ya namna hiyo yapo mengi, hela yako inazungushwa kununulia bidhaa, na bosi anakwambia kwa mapozi kuwa “tutaweka sawa”. Kwa mtoto wa miaka ishirini na tatu pensheni iko mbali, sawa. Lakini hata ujana wake unaguswa. Kuna fao la kukosa ajira: ukipunguzwa kazini unaweza kulipwa theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita, ila sharti uwe umechangia miezi isiyopungua 18. Mwenye 22 anapata. Mwenye 9 anarudi nyumbani kwa miguu.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo, si wiki ijayo, ingia kwenye huduma ya simu au ya mtandao ya mfuko wako, angalia mwezi kwa mwezi, siyo jumla peke yake, maana jumla inaficha matundu. Ukikuta mwezi mtupu usianzie kwenye mfuko, anzia kwa mhasibu wako na slipu ya mwezi huo mkononi, tena kwa barua na ubaki na nakala iliyogongwa tarehe ya kupokelewa. Akikuzungusha, peleka nakala hizo kwenye mfuko, wao ndio wenye meno ya kisheria ya kumdai na hata kumpeleka mahakamani. Jambo la jina usilichukulie poa: liwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho cha Taifa, na namba ya uanachama isome mwenyewe kwa sauti siku unapojaza fomu. Ukihama kazi, kabla hujanywa soda ya kuagwa, omba maandishi ya mwezi wa mwisho uliochangiwa. Slipu za kwenye simu zichape au zihifadhi mahali pawili, maana simu za mjini tunajua maisha yake.

Walimu wale wawili wapya wameniomba niwapeleke kwa mama mkubwa awafundishe kufunga bahasha. Nimewaambia waende na uzi wao, wa kwake anaubania. Haya, dada wa Tandika, wiki ijayo ni yako, na huyo mchumba wako ajiandae.